Leseni Haikatwi Chombo Kikiwa Juu

Raya,

Assalamu alaykum. Salamu nakupa kwa kuwa ni haki yako, si kwa kuwa nimepoa. Sijapoa. Tangu jana, ulipofungua mdomo wako mbele ya wageni, nazunguka ndani ya nyumba hii na neno nimelibeba, sijapata pa kulitua. Ningelisema kwa mdomo ningepiga kelele, na nyumba imejaa watu waliokuja kukuaga. Basi wewe umekwenda Jadida kumuaga shangazi yako, na mimi baada ya sala ya alasiri nimejifungia chumbani kwako, nimekaa juu ya kitanda chako, begi lako liko miguuni pangu limeshafungwa, naandika. Wananiita jikoni. Wacha waite. Wali ukiungua watakula hivyo hivyo.

Barua hii utaikuta ndani ya begi, juu ya nguo. Usiisome garini. Isome ukishafika, mlango umeufunga.

Sitakwambia ule vizuri, wala uchague marafiki, wala usilale na dirisha wazi. Akili unayo, na ya kukufunza nilishakufunza. Kama hayakuingia mpaka leo hayataingia kwa kalamu. Nataka kusema habari ya leseni tu. Kesho unakwenda Mkoani kuanza kazi katika ofisi ya uvuvi, kazi ya serikali. Utavaa kitambulisho kifuani. Siku nyingine utakaa dirishani kuwakatia watu leseni za vyombo vyao, siku nyingine utapanda boti ya doria kwenda kuziangalia leseni hizo baharini. Na mimi ni mama yako, na ni mwenye chombo. Katika Gando nzima sijui kama yuko mwenye haki kuliko mimi ya kukwambia haya, na kama yuko, basi ni mjomba wako Faki. Na yeye hasemi, kazi yake kucheka.

Nikukumbushe la jana, maana najua ulilisahau pale pale.

Wanaume walikuwa wamekaa barazani, mimi nimetoka na sinia la vikombe, wewe umesimama mlangoni na baibui lako jipya. Mzee Kombo jirani yetu kamaliza kahawa yake, kajipangusa mdomo, kasema, "Alhamdulillahi, sasa na siye tuna wetu. Miaka yote hino twahangaishwa na leseni, mara ishakufa, mara ntu wa kuikata hayupo. Sasa ikifa, twampigia Raya simu airudishe tarehe nyuma, mambo kwisha." Watu wakacheka. Nikakutazama. Nilitegemea utasema, Mzee Kombo, hilo usiniombe. Hata kwa utani ungelisema. Wewe ukacheka nao, ukasema, "Msijali wazee wangu, karatasi tu ile."

Karatasi tu. Ulisema hivyo na mjomba wako amekaa mbele yako, magongo kayaegemeza ukutani, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Naye akacheka. Ndipo nikageuka na sinia langu nikaingia jikoni, na ule mfuniko wa sufuria mliousikia umeanguka haukuanguka. Niliutupa.

Najua kwa nini ulisema vile. Ulisema kwa sababu hujui, na hujui kwa sababu sikukwambia. Mjomba wako alipokatwa mguu wewe ulikuwa chuoni, mitihani iko mlangoni. Nilikwambia kwa simu kuwa kachomwa na samaki, mwiba wa taa, spitali wamejaribu wameshindwa, ajali ya Mungu. Ulipokuja likizo ulikuta jeraha limefunga, na watu nao wamefunga midomo. Taa kweli alimchoma. Lakini taa peke yake hakuuondoa mguu ule. Kila mtu pale dikoni, pale vinapoegeshwa vyombo, anajua yaliyopita. Asiyejua ni wewe unayekwenda kuvaa kitambulisho. Kosa hilo ni langu, na mimi ndiye nitakayeliondoa leo, upende usipende.

Unaijua mashua yetu. Herufi za kwanza ulizojua kuandika ulizitoa ubavuni mwake, kabla hujapelekwa skuli: Hasidi Hana Sababu. Baba yako aliipa jina hilo kwa ajili ya ndugu zake, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo. Alipofariki wewe ulikuwa huna meno ya mbele. Ami zako wakanijia na eda haijaisha, wakaniambia chombo kiuzwe, mwanamke na chombo wapi na wapi. Nikawaambia chombo hakiuzwi, kina mtoto wa kusomesha. Nikamweka ndugu yangu Faki awe nahodha, nami nikawa mwenye chombo. Miaka yote hiyo kila samaki aliyetoka mle umemla wewe, kama si kwa mdomo basi kwa daftari.

Sasa sikiliza mwanamke mwenye chombo anavyoishi. Mwanamume akikosea, watacheka siku moja, kesho wamesahau. Mimi nikikosea, watasema, si tulimwambia. Kwa hiyo nilijitia kuzishika mila za pwani kuliko hao walioziweka. Na moja ya mila zao unaijua, umeisikia tangu utotoni: leseni haikatwi chombo kikiwa juu.

Kila mwaka mashua hupandishwa juu ya magogo. Hukwaruzwa, hupigwa kalafati ya pamba kuziba nyufa, hupakwa sifa, nyumba nzima ikanuka mafuta ya papa. Muda wote huo wanaume hawaiti jina. Husema "ile." Chombo kikiwa juu hakina jina mpaka kiteremshwe, kisomewe dua, watu wale boflo na chai, ndipo huitwa tena. Na kitu kisicho na jina utakikatiaje leseni? Ni kumshonea kanzu mtoto aliye tumboni. Mwaka mmoja baba yako alikaidi, akaenda kukata leseni mashua iko juu. Ilipoteremshwa ubao wa chini ukapasuka. Nilikuwepo. Ubao ule ulikuwa umeoza, ulimung'unyika mkononi mwangu kama mkate wa juzi. Lakini pwani nzima wakasema ni leseni, na baba yako mwenyewe, pamoja na ujuba wake wote, hakurudia.

Tarehe ya leseni haina habari na magogo yetu. Leseni ni ya mwaka mmoja. Ikifika siku yake imekufa, chombo kiko majini, kiko juu, kiko wapi sijui. Kwa kawaida tulikuwa tunabahatika, mashua inateremshwa kabla. Mwaka ule wa mguu wa Faki, fundi alikwenda harusini Makangale akanogewa, aliporudi mvua zikaanza, kalafati haikauki. Nikaiona leseni inakufa. Nilikuwa nayo sandukuni, ndani ya mfuko wa nailoni. Naitoa, naitazama, nairudisha. Ofisi ilikuwa wazi. Nauli ya Wete nilikuwa nayo. Hakuna aliyenishika mkono, Raya. Niliogopa midomo ya watu wanaokunywa kahawa barazani kwangu. Nikiandika haya natamani nijizabe kofi.

Mashua ikateremshwa Alkhamisi. Ubani ukafukizwa, dua ikasomwa, boflo zikaliwa, jina likaitwa. Na leseni imekwishakufa. Ijumaa ilikwenda na sala, Jumamosi na Jumapili ofisi imefungwa. Jumamosi ile mjomba wako akanijia uani, naosha vyombo.

"Kazija," kasema, "hino bamvua hino, maji makuu. Wavu wa jarife ukilala usiku mmoja tu majini, twafidia siku zote tulizokaa bure."

Nikamuuliza, "Na leseni?"

"Leseni Jumatatu n'takwenda kuikata mwenyewe. Samaki hawangoji Jumatatu."

Mimi ndiye mwenye chombo. Neno lilikuwa langu. Ningesema hapana, Faki angenung'unika, angekwenda kulala. Nikasema, "Haya nendeni, nani atakuoneni." Nikacheka pia. Ndiyo maana jana kicheko chako kilinichoma, kilikuwa changu kile kile.

Wakaenda, Faki na mabaharia watatu, mmoja wao Hamadi, mtoto wa Mzee Kombo. Alfajiri wakavuta jarife, na ndani yake mna taa mkubwa. Unajua taa, mwiba wake uko mkiani. Akampiga Faki kwenye shavu la mguu, mwiba ukaingia ukavunjikia ndani. Hamadi kaniambia alipiga ukelele mmoja tu, kisha akawa anatoa amri kama kawaida. Wakamfunga kwa kikoi juu ya goti, wakakaza kwa nguvu zao zote, wakageuza chombo kurudi. Upepo ulikuwa mzuri. Jua lisingepanda sana wangefika.

Njiani wakaiona boti ya doria.

Hapa nataka usome polepole. Boti ile ina injini. Ina watu waliosomeshwa nini cha kumfanyia mtu aliyeumia. Ingempokea Faki pale pale, wale mabaharia hawajamaliza kukunja tanga yeye ameshafika Wete. Mtu mwenye leseni hai angevua shati akalipunga, angepiga mayowe, angeshukuru Mungu. Faki, mguu unamwaka moto, jasho linamtoka, kasema, "Ingieni horini."

Unaijua ile hori, ule mkono wa bahari unaoingia mikokoni upande wa kushoto ukija kwetu. Wakateremsha tanga, wakasukuma kwa pondo, wakajipachika ndani kabisa, matawi yakawafunika. Wakakaa kimya wakingojea doria ipite. Nayo ikapita. Lakini bamvua ni bamvua. Maji yakijaa hujaa kweli, na yakitoka hutoka kweli. Walipotaka kurudi nyuma mashua ilikuwa imekaa juu ya tope. Wakashuka kuisukuma, tope likawafika kiunoni. Kumbeba mtu mzima ndani ya tope lile na mizizi ile, hakuna. Simu zilikuwapo, wakaogopa kupiga. Wangempigia nani? Wangesema wako wapi, na wanafanya nini huko? Wakakaa na Faki mle mpaka maji yaliporudi. Asubuhi nzima, adhuhuri, mpaka alasiri. Na kikoi kimekazwa, hakuna hata mmoja aliyejua kuwa yafaa kukilegeza. Walidhani wakikilegeza sumu itapanda moyoni.

Wamefika hapa magharibi. Walimbeba juu ya tanga. Mimi nilikuwa najifunga kanga nikasali, nikausikia mlango. Rangi ya mguu ule sikukwambia wakati ule na sitakwambia leo. Daktari alipokuja kunieleza alieleza kwa adabu, mara sumu, mara damu ilizuiwa muda mrefu, mara wamejaribu. Nikamuuliza, angefika asubuhi? Akatazama chini. Hilo ndilo jibu nililopewa.

Ngoja nimalize, sijamaliza.

Jumatatu nilikwenda kukata leseni. Ndugu yangu amelala wodini, mimi nimesimama dirishani. Kijana aliyekuwepo alikuwa mpole tu, akaitazama ile iliyokufa, akasema, "Mama, umechelewa kidogo, kuna adhabu yake," akaitaja. Raya, ilikuwa kitu kidogo. Kidogo hasa. Nilizoea kukupa zaidi ya hicho siku ya sikukuu. Nikamuuliza, na chombo kikikutwa baharini leseni imekufa juzi tu, mwakifanya nini? Akasema, "Mara ya kwanza huandikiwa onyo, mama, wakaambiwa waje kuikata." Nikashika ukingo wa dirisha. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, andika.

Onyo. Wanaume wazima wanne walijitumbukiza ndani ya tope wakikimbia onyo.

Na utaniambia, mama, si ni ujinga wenu? Ndiyo, ni ujinga wetu, na nimeshauita kwa jina lake. Lakini na nyie je? Nasema nyie kwa sababu kesho umo. Kwa nini sisi hatukujua? Dikoni kwetu watu wanajua doria inachoma nyavu, inachukua mashine, inaweka watu ndani. Yanayochomwa ni makokoro, nyavu za haramu, naelewa, lakini anayeona moshi kwa mbali haulizi nini kinaungua. Mmekuja mara ngapi kukaa na watu mkawaambia, mwezi huu leseni za fulani na fulani zinakufa, njooni mapema? Simu za watu mnazo, wameziandika wenyewe. Hamji. Mnakuja zikishakufa, kama waosha maiti. Na mkija ni ukali, "nyie wavuvi" huku na "nyie wavuvi" kule, mnazungumza na watu wenye umri wa baba zenu kwa kidole. Mtu akipewa kidole kila siku, siku anayohitaji mkono atajuaje kuwa mnao?

Sitaji ofisi wala mtu kwa jina. Pengine huko uendako wako watu wema, na Inshallah wawe. Lakini nakwambia ukae ukijua upande wetu kunavyoonekana, maana wewe umezaliwa upande huu na mimi sitaki ujifanye umeshukia Mkoani kutoka mbinguni.

Sasa turudi kwa Mzee Kombo, na Mungu anisamehe, ni jirani na ni mtu mzima. Mtoto wake mwenyewe alikuwa mle horini. Hamadi alirudi na mikono imechanika kwa chaza za mizizini, akakaa wiki hali chakula. Mzee Kombo anajua kila nilichokwambia. Anajua, na jana kakaa barazani pangu, mbele ya magongo ya Faki, anakuomba urudishe tarehe nyuma. Mwambie aanze kuirudisha nyuma ile Jumamosi. Akiweza, mimi mwenyewe nitamletea leseni zote za Pemba azirudishe.

Na wewe ukimfanyia, haya utakuwa umefanya nini? Utakuwa umeifanya leseni kitu cha watu wenye Raya. Mwenye Raya atalala, tarehe itarudi, maisha yatakwenda. Asiye na Raya ataongeza kuogopa, maana sasa ataona mlango una wenyewe. Huyo ndiye atakayeingia mikokoni. Simjui, pengine ni mtu wa huko huko kusini, ana dada yake na watoto wake. Usimtie tope mtu usiyemjua kwa ajili ya kikombe cha kahawa alichokunywa Mzee Kombo kwetu.

Najua utasema mama umekuwa mkali, nilikuwa natania. Natania ndio mlango wenyewe, mwanangu. Mimi nami nilitania, nani atakuoneni. Wazee hawatakujia siku ya kwanza na maneno ya dhambi. Watakujia na samaki wa kitoweo, na "mwanetu," na "hujambo bibi harusi," na wewe moyo wako mwepesi, huwezi kumuona mtu mzima akiaibika. Hilo ulilitoa kwangu, mimi pia siwezi. Nilichelea kuaibika mbele ya wanaume wa pwani, na aliyelipa ni mwingine. Wacha waaibike, Raya. Mtu hafi kwa aibu. Mwambie ana kwa ana, kwa adabu zote, shikamoo kwanza, kisha hapana. Atakununia. Atamwambia mama yako. Mama yako ndiye huyu.

Na mimi usinifanyie. Usiku wa juzi uliniambia, "Mama, yako usihangaike nayo, n'takuangalilia." Nilinyamaza, ukadhani nimefurahi. Leseni ya Hasidi Hana Sababu inakufa wiki ijayo, na mashua iko juu ya magogo hivi sasa, kalafati nusu, jina hakuna. Unajua hayo, ndiyo maana ulisema. Basi nakwambia. Wewe unadhani kesho nitakusindikiza mpaka kituoni nikupungie mkono nirudi. Sirudi. Napanda gari hiyo hiyo, nashuka Wete, nakwenda kuikata na chombo kiko juu.

Asubuhi nimemwambia Mzee Kombo, kwa makusudi, nikiwa nafagia mbele ya mlango wake. Kashika kiuno, kasema, "Kazija, wacha shari. Ile iko juu." Nikamwambia, "Iko juu, Mzee Kombo, na mguu wa Faki uko chini ya ardhi. Tumeuzika mimi na weye. Kipi kikutishacho zaidi?" Kaingia ndani. Mpaka jioni pwani yote itakuwa imesikia, na mashua ikija kung'oka hata msumari, watasema Kazija kajitakia. Na waseme. Nimechoka kuwaogopa.

Nilitaka niishie hapa. Lakini liko jambo jingine, na hili mimi mwenyewe nimelijua jana.

Wageni walipoondoka, mjomba wako kaja jikoni na magongo yake. Kaniona navyosugua sufuria, kajua. Kasema, "Usimkemee ntoto. Kesho kutwa hayupo, utakaa na majuto." Nikamwambia wewe unacheka, unacheka nini? Mguu wako ule ndio anaouita karatasi. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Kisha kasema, "Kazija, wale walituona."

Nilidhani anazungumza habari ya wageni. Nikamuuliza, nani?

"Wale wa doria. Walikuja mpaka mdomoni mwa hori. Wakazima mashine. Nawaona kwenye majani kama n'kuonavyo weye. Mmoja wao kaita, kasema, 'Salama huko?'"

Nikaacha kusugua. Nikamuuliza, mkafanya nini?

Kasema, "N'kamjibu mimi. N'kasema, 'Salama, twatafuta kaa.' Kasema, 'Haya, Mungu akupeni.' Wakatia moto mashine, wakenda zao."

Raya, mpaka jana mimi nilikuwa nikiamini kuwa hawakuwaona. Nilikuwa nikiwachukia kwa kupita. Kumbe hawakupita. Walisimama, wakauliza, tena kwa maneno mazuri. Hawakuwa wabaya. Aliyeuliza yule pengine ni mtu kama wewe, kijana wa watu, mama yake yuko mahali anamuombea dua. Na ndugu yangu, mwiba wa taa uko ndani ya nyama, kikoi kimemkaza, mtoto wa Kombo kamtia nguo mdomoni asilie, aliitoa ile nguo akajibu salama kwa sauti ya kawaida. Alijibu hivyo kwa ajili ya leseni iliyokufa juzi. Maji yalikuwa bado yapo. Wangeliingia.

Sikulala kwa neno hilo. Hasira zangu zote nilizokwandikia, za ofisi, za Kombo, zako, zangu, zimekusanyika juu ya neno hilo moja na sijui nizipeleke wapi. Kwa hiyo nakupa wewe, kwa kuwa ni wewe utakayekuwa ndani ya boti.

Utawaita watu wetu, Raya, na watakujibu salama. Sisi ndivyo tulivyo. Mtu wetu hata akiwa anakufa, akiulizwa hali hujibu salama kwanza. Usiridhike nalo. Usimtakie heri ukaondoka. Ingia horini, sogea mpaka ubavu wa boti yako uguse ubavu wa chombo chake, umtazame miguu. Leseni utamuuliza baadaye.

Mama yako,
Kazija